Maneno 1,033, 150, 500, 300: Historia ya Mtihani wa Kichina kwa Wanaoanza

Katika mtihani wa HSK ngazi ya 1, kwa muundo uliotumika tangu 2010, mtahiniwa haandiki hata herufi moja ya Kichina. Anasikiliza. Sauti kwenye spika inatamka maneno mawili matatu, inayarudia, na mbele yake kuna picha: mtu anakunywa chai, paka amelala juu ya kiti, daktari amesimama. Maneno yakilingana na picha anaweka alama ya vema. Yasipolingana, anaweka alama ya kosa. Maswali ni 40, 20 ya kusikiliza na 20 ya kusoma, na kila neno la Kichina limeandikiwa pinyin, yaani matamshi yake kwa herufi za Kilatini, zilezile tunazoandikia Kiswahili. Alama kamili ni 200, na mwenye 120 amefaulu. Tangu kujaza jina hadi kurudisha karatasi ni kama dakika 40.

Msamiati wote unaodaiwa kwa kazi hiyo ni maneno 150.

Wengi waliojifunza Kichina miaka hii ya karibuni, wa Nairobi, Dodoma, Kigali au Bujumbura, wamepita hapo au wamepewa kitabu kilichopangwa kwa kufuata maneno hayo. Ni rahisi kudhani kwamba mambo yalikuwa hivyo siku zote. Hayakuwa. Kiasi cha Kichina anachotakiwa kujua mtu anayeanza kiliwahi kuwa kikubwa mara kadhaa, kikashushwa ghafla, kikapandishwa zaidi ya mara tatu, na sasa kimeshushwa tena. Lugha yenyewe haikubadilika sana kwa muda huo. Aliyebadilika ni mwanafunzi ambaye watunga mtihani walikuwa wanamfikiria.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa mgeni wa serikali. Mwaka 1950, mwaka mmoja tu baada ya Jamhuri ya Watu wa China kutangazwa, Chuo Kikuu cha Tsinghua mjini Beijing kilianzisha darasa maalumu la vijana kutoka nchi za kijamaa za Ulaya Mashariki. Miaka miwili baadaye darasa likahamishiwa Chuo Kikuu cha Peking. Waafrika walianza kufika kwa makundi kuanzia 1960, bendera za uhuru zikiwa zinapandishwa huku kwetu, na Chuo cha Lugha za Kigeni cha Beijing kikafungua ofisi ya kuwashughulikia wao tu. Baadhi walitoka Zanzibar. Mwaka 1962 vitengo hivyo viwili, cha Chuo Kikuu cha Peking na kile cha Waafrika, viliunganishwa kuwa shule moja ya maandalizi ya wanafunzi wa kigeni. Shule hiyo ndiyo iliyokua ikawa Chuo cha Lugha cha Beijing, na huko ndiko ulikozaliwa mtihani tunaouzungumzia. Kwa hiyo Mwafrika hakuingia katika historia hii kwa kuchelewa. Alikuwemo tangu msingi ulipochimbwa.

Lakini hakuingia kwa raha. Emmanuel Hevi, kijana wa Ghana aliyekwenda Beijing kusomea udaktari akarudi na uchungu, alichapisha kitabu 1963 akieleza kwamba kati ya Waafrika 118 waliokuwa wakisoma China wakati wake, 96 waliondoka. Malalamiko aliyoyataja ni mengi: siasa za kulazimishwa, ubaguzi, upweke. Ugumu wa lugha nao umo. Mtu aliambiwa asome Kichina kwanza, kisha aingie darasa la fani yake akae pamoja na Wachina waliozaliwa nacho, asikilize mhadhara na aandike. Hapakuwa na mtihani wa taifa wa kumwambia yeye au mwalimu wake kama yuko tayari. Mwalimu alitazama, akaamua.

Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza 1966 masomo ya wageni yalisimama. Chuo cha Lugha kilifufuliwa 1972, na China ilipofungua milango mwishoni mwa muongo ule wanafunzi wa kigeni wakaongezeka, wakiwemo wa kujilipia wenyewe kutoka Japani na Magharibi. Mwaka 1981 China ilianza kupokea TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa Wamarekani, na vijana wa Kichina wakaanza kupimwa kwa alama kabla ya kupanda ndege. Sidhani kama ni sadfa kwamba miaka mitatu baadaye, 1984, Chuo cha Lugha cha Beijing kiliunda kikundi cha kutunga mtihani wa aina hiyohiyo kwa Kichina. Miongoni mwa walioiongoza kazi hiyo alikuwa Liu Yinglin. Jina la mtihani likawa Hanyu Shuiping Kaoshi, mtihani wa kiwango cha Kichina, na kwa mkato HSK.

Ulifanyiwa majaribio, ukapitishwa na wataalamu 1990, ukavuka mipaka ya China 1991, na 1992 serikali ikautambua kuwa mtihani wa taifa. Toleo lililotangulia lilikuwa la ngazi za awali na kati. Lilikuwa na maswali 170 ya kujibiwa kwa dakika 145: kusikiliza 50, sarufi 30, kusoma 50 na kujaza mapengo 40. Walengwa walikuwa watu waliokaa darasani kati ya saa 400 na 2,000. Mwenye saa 400 ni mtu aliyemaliza muhula mzima wa kusoma kila siku mjini Beijing. Huyo ndiye aliyeitwa wa awali.

Mwaka huohuo wa 1992 ikatolewa orodha rasmi ya msamiati na herufi, iliyokuja kuwa msahafu wa walimu wa Kichina duniani kwa karibu miaka ishirini. Ilikuwa na maneno 8,822 na herufi 2,905, yaliyogawanywa katika madaraja manne. Daraja la kwanza kabisa, lile la vitu vya kila siku, lilikuwa na maneno 1,033 na herufi 800. Anayesema Kichina cha sasa kimekuwa kigumu aitazame orodha hiyo kwanza.

Mtihani ulitungwa kwa ajili ya lango la chuo kikuu. Wa sayansi na uhandisi alitakiwa kuwa na ngazi ya 3 ili aanze shahada, na wa fasihi au historia ngazi ya 6. Tena haukuwa wa wageni peke yao. Kwa miaka kadhaa raia wa China wa makabila madogo, kwa mfano wa Xinjiang, walikalishwa kwenye HSK hiyohiyo, hadi walipotungiwa mtihani wao mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtu alipimwa lugha ya taifa lake kwa karatasi iliyotungwa kwa ajili ya mgeni. Nadhani jambo hilo peke yake lingetosha makala nzima.

Anayeanza hasa, mwenye miezi michache tu, alikumbukwa mwisho. Baada ya mtihani wa ngazi za juu kuanza 1993, kuelekea mwisho wa muongo uliongezwa ule ulioitwa wa Msingi, wa ngazi ya 1 hadi ya 3, kwa watu wenye saa 100 hadi 800 za masomo. Nao ulikuwa na maswali 140. Kwa mtu mwenye saa 100, huo ulikuwa mlima. Ngazi kumi na moja zilikamilika, lakini ngazi ya chini ilikuwa bado inazungumza na mtu mmoja: yule aliyeshuka uwanja wa ndege wa Beijing akiwa na barua ya chuo mkononi.

Mtu wa pili alijitokeza alipopelekewa Kichina nyumbani kwake. Taasisi ya kwanza ya Confucius ilifunguliwa Seoul, Novemba 2004. Ya kwanza barani Afrika ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Desemba 2005, kwa ushirikiano na chuo cha ualimu cha Tianjin. Rwanda na Burundi zikafuata, Tanzania ikapata mbili 2013, moja Dodoma na moja Dar es Salaam, na Makerere ikapata yake 2014. Anayeingia madarasa haya ni mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou kununua mzigo, karani wa kampuni ya ujenzi, mwongoza watalii, au mwanafunzi wa shahada nyingine kabisa anayesoma Kichina jioni mara mbili kwa wiki. Kumwekea huyo karatasi ya maswali 140 ni kumwambia asirudi.

Hanban, ofisi ya serikali iliyosimamia taasisi hizo, iliona hivyo. Mwishoni mwa 2009 ilizindua HSK mpya, ikaanza kushika kasi 2010. Ngazi 11 zikawa sita. Ya kwanza maneno 150, ya pili 300, ya tatu 600, kisha 1,200, 2,500 na 5,000. Pinyin ikabakizwa katika ngazi mbili za chini; kuanzia ya tatu inaondoka, na hapo ndipo mtahiniwa anapoanza kuandika. Kuzungumza kukatengwa kabisa na kuwekewa mtihani wake, HSKK. Hanban walisema wazi kwamba mtihani lazima uende sambamba na ufundishaji na umvute mtu asome zaidi. Kabla ya hapo mtihani ulikuwa wa kuchuja. Sasa ukawa wa kukaribisha.

Ukarimu huo ulikuwa na walakini. Hanban ililinganisha ngazi zake sita na ngazi sita za mfumo wa lugha wa Ulaya, A1 hadi C2, moja kwa moja. Kwa mujibu wa mlingano huo, mwenye maneno 150 ya Kichina ana A1, na mwenye 5,000 amefika kileleni. Walimu wa Kichina wa nchi zinazotumia Kijerumani walipinga hadharani kupitia chama chao, wakasema ngazi hizo ziko chini sana kuliko zinavyodai. Nadhani walikuwa na haki. Mtu wa A1 Ulaya anatarajiwa angalau ajieleze kwa kinywa na ajaze fomu. Mwenye HSK 1 hajaulizwa lolote kwa kinywa wala kwa kalamu. Ni kumpima mtu kuogelea kwa kumsimamisha kwenye maji ya magotini. Anaweza kuwa anajua zaidi, lakini cheti chake hakisemi hivyo.

Orodha yenyewe ya maneno 150 inapendeza kuisoma kama kumbukumbu ya zama. Ina kompyuta, televisheni, filamu, teksi, ndege na stesheni ya treni. Ina tufaha, wali na chai. Simu ya mkononi haimo. Kuipata mwanafunzi alipaswa kusubiri ngazi ya 2. Kulikuwa na kupiga simu bila simu ya kupigia. Walimu wenye busara hawakuufuata mpaka huo, kwa sababu hakuna darasa la Dar es Salaam au Mombasa ambalo siku ya kwanza simu haijalia.

Kuna jambo jingine lisiloonekana haraka. Maneno hayo 150 yanatumia herufi zaidi ya 170, yaani herufi ni nyingi kuliko maneno. Kichina hujenga maneno kwa kuunganisha herufi, na faida yake huonekana pale herufi moja inaporudi mara nyingi. Herufi ya umeme, kwa mfano, imo katika kompyuta, televisheni, filamu na simu. Orodha fupi mno humnyima anayeanza faida hiyo: anahangaika kukariri herufi, kisha anaitumia mara moja tu na kuiacha.

Hilo lilirekebishwa kwa nguvu 2021. Hanban ilikuwa imevunjwa mwaka uliotangulia na nafasi yake kuchukuliwa na Kituo cha Elimu ya Lugha na Ushirikiano. Tarehe 24 Machi 2021 Wizara ya Elimu ya China na Kamati ya Taifa ya Lugha zilitoa viwango vipya vya Kichina kwa wageni, vikaanza kutumika Julai 1. Viwango hivyo vina hatua tatu na ngazi tisa, na jumla ya silabi 1,110, herufi 3,000, maneno 11,092 na vipengele vya sarufi 572. Ngazi ya 1 ikapewa maneno 500, na kilichofurahisha wataalamu ni kwamba maneno hayo yalijengwa kwa herufi 300 tu. Herufi zilianza kurudi. Simu ya mkononi ikashuka hadi ngazi ya 1, pamoja na mambo ya mtandaoni.

Wanafunzi hawakufurahi. Ngazi ya 2 ilidai jumla ya maneno 1,272, zaidi ya ngazi ya 4 ya zamani. Aliyetoka jasho miaka miwili akapata HSK 4, ile ambayo vyuo vingi vya China huitaka kwa shahada zinazofundishwa kwa Kichina, alijikuta kwa hesabu mpya amesimama karibu na mlango. Mitandao ilijaa uvumi: mtihani unabadilika mwezi ujao, vyeti vya zamani vinafutwa, kimbilieni kufanya kabla ya tarehe fulani. Kampuni inayoendesha mtihani ikalazimika kueleza kwamba ngazi ya 1 hadi ya 6 zitaendelea kama zilivyo kwa wakati ule. Kilichobadilika kwanza kilikuwa cha juu. Ngazi za 7 hadi 9, zenye mtihani mmoja wa pamoja kwa watafiti na wafasiri, zilifanyika kwa mara ya kwanza Novemba 2022.

Kwa hiyo ikatokea hali ya ajabu iliyodumu miaka kadhaa. Kwenye karatasi ya wizara, anayeanza alitakiwa kujua maneno 500. Kwenye chumba cha mtihani alipimwa 150. Wachapishaji walitoa orodha mpya, walimu wakafundisha kwa orodha ya zamani, na mwanafunzi aliyepakua programu ya kujifunzia kwenye simu alikuta sehemu mbili za kuchagua, ya zamani na mpya, asijue ashike ipi. Kabla ya hapo Kichina kilikuwa kimeanza kusogea kwenye shule zetu. Uganda ilitangaza kukiingiza sekondari mwishoni mwa 2018, na Kenya ikatangaza Januari 2019 kwamba kitafundishwa kuanzia gredi ya nne. Watoto hawa wana mtihani wao, YCT, unaoanzia maneno 80. Lakini mwalimu wao naye alihitaji kujua ngazi ya 1 ya wakubwa iko wapi.

Jibu lilikuja Novemba 2025, muhtasari mpya wa mtihani ulipochapishwa, wa kuanza kutumika Julai 2026. Ngazi tisa zimebaki. Maneno 11,000 hivi ya kilele yamebaki. Waliopunguziwa mzigo ni wa chini. Ngazi ya 1 ina maneno 300, ya 2 jumla 500, ya 3 jumla 1,000, ya 4 jumla 2,000. Yaani idadi ya mia tano ya 2021 haikutupwa; imesogezwa hatua moja juu na kugawanywa sehemu mbili.

Mtu anaweza kusema serikali imerudi nyuma. Mimi naona kuna aliyepiga hesabu za darasani. Chukua darasa la jioni la mara mbili kwa wiki, maneno kumi kila kipindi, mwendo ambao mtu mwenye kazi na familia anaumudu. Maneno 150 yanakwisha ndani ya wiki nane, na cheti kinakuja kabla mtu hajazoea hata toni nne za Kichina. Maneno 500 yanataka wiki 25, karibu nusu mwaka bila likizo, na wengi watakuwa wameacha kabla ya kuona karatasi yoyote. Maneno 300 yanataka wiki 15. Hiyo ni kama mihadhara ya muhula mmoja wa chuo kikuu: inaanza baada ya usajili na inakwisha kabla ya mitihani.

Kazi ya haraka sasa ni ya vitabu. Kozi ya HSK iliyotumika zaidi madarasani katika muongo uliopita, iliyotolewa na wachapishaji wa kilekile Chuo cha Lugha cha Beijing kilichotunga mtihani wa kwanza, inafundisha ngazi ya 1 kwa masomo 15 yaliyopimwa kwa maneno 150. Mwalimu mwenye nakala hizo kabatini anaweza kuzitumia kwa nusu ya kwanza ya muhula. Nusu ya pili atahitaji orodha mpya. Na mwanafunzi aliyefanya mtihani wa zamani hana haja ya kukichana cheti chake: kwa kawaida vyuo vya China hupokea matokeo ya HSK yaliyo ndani ya miaka miwili, ila anayetaka kuendelea na ngazi ya 2 mpya ajue kwamba kutoka 150 zake hadi 500 kuna maneno 350 ya kuziba, na hakuna atakayemwekea darasa maalumu la kuyaziba.